Kadi Aliyoileta Mama Loth

Hellena alikipokea kile kikapu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akakiweka mezani kikiwa kimefunikwa vilevile na kitambaa chake. Ndivyo alivyolelewa. Kitu unacholetewa nyumbani na mtu wako hukifunui mbele yake, maana kukifunua ni kumwambia sikuamini. Na Fortunata, Mama Loth, hakuwa mtu wa pembeni. Ndiye aliyemsimamia binti yake, Coleta, siku ya ubatizo. Kila alipotoka Kirando kununua samaki, kikapu cha migebuka kilifika kwa Hellena kabla hakijafika kwake mwenyewe.

"Leo si samaki, Mama Coleta," alisema Fortunata akicheka. "Leo ni mambo ya watoto. Loth, waeleze."

Loth, kijana wake wa pekee, alikuwa ameshavuta kiti karibu na Coleta. Kazi ya kuunganisha video alifundishwa na Coleta huyohuyo, katika chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo ya Katandala, mpaka akajua kukata na kubandika nyimbo za kwaya bila kuelekezwa.

"Ni kadi ya picha, dada. Ile mpya," alisema. "Miaka yote kadi za kompyuta zilikuwa za makampuni mawili, yanatubana yanavyotaka. Sasa ameingia wa tatu. Mgeni kaingia mjini! Wale wawili matumbo joto."

"Hiyo kadi kazi yake nini, mwanangu?" aliuliza Hellena, ambaye darasa la saba ndilo lilikuwa mwisho wake.

"Ndiyo inayosukuma picha, mama. Video ambayo Coleta anaisubiri kutwa nzima, hii inaitoa kabla ugali haujasongwa."

Hapo Hellena alisikia moyo umechangamka. Coleta alikuwa amepewa kazi ambayo hakuwahi kuipata: kutengeneza video ya upadrisho wa Adolfu, kijana wa Muze. Familia ilitaka ionyeshwe kwenye kitambaa kikubwa siku ya misa yake ya kwanza ya shukrani, huko kwao bondeni, mbele ya mapadre na watu wa kila parokia. Video hiyo ikipendeza, jina la Coleta lingevuka Sumbawanga. Ikiharibika, harusi hata moja asingeitiwa.

"Mimi nipe hiyo kadi yako ya zamani, nijifunzie," Loth aliendelea. "Mwalimu atumie kipya, mwanafunzi atumie cha zamani. Si ndiyo adabu?"

Coleta aliinama kwenye mashine yake, akafikiri. "Asante, mdogo wangu. Ila zote mbili ziache hapa kwanza. Niijaribu, nikiona inakubali, nitakuletea ya zamani mwenyewe."

Fortunata akashika kifua. "Yesu wangu! Mimi nikuletee kitu kibovu? Mimi niliyekushika ukilia pale kwenye maji?"

Uso wa Hellena ukawaka kwa aibu. Akamvuta binti yake kando, akamnong'oneza kwa Kifipa, kisha kwa Kiswahili na kwa sauti, ili wageni wasikie: "Unampima mama yako wa ubatizo kama muuza mahindi sokoni? Mpe mwenzio hiyo ya zamani."

Coleta alichukua bisibisi, akafungua mashine. Akachomoa kadi ya zamani, akampa Loth, akachomeka ile mpya.

Yaliyofuata, mwenye mtoto wa kazi hizi atayaelewa. Picha zilianza kukwama. Askofu aliinua mikono kumwekea Adolfu kichwani, mikono ikaganda hewani, na picha ilipotembea tena askofu alikuwa ameshakaa. Kwaya ilifungua midomo bila sauti. Kisha mashine yote ikazima. Coleta akaiwasha, ikazima. Alimpigia Loth, simu ikaita mpaka ikakata. Hellena alichemsha uji wa ulezi, ukapoa mezani, akauchemsha tena, ukapoa tena. Mtoto hakuinua kichwa.

Kazi ikiwa bado haijafika nusu, mlangoni akabisha Redempta, dada yake Adolfu, amejifunga koti kwa baridi.

"Coleta, pole mdogo wangu. Tumesikia mashine yako imekufa. Nimefuata zile picha tulizopiga, Loth amejitolea atumalizie. Tungefanyaje? Misa ndiyo hiyo."

"Nani kakwambia imekufa?"

"Si yeye Loth!"

Coleta akamtazama mama yake. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, na Loth hakuwa amepokea simu hata moja. Sherehe ilikuwa ya watu, angekataa vipi? Alizitoa picha zote, akampa Redempta mkononi. Mgeni alipoondoka alikaa sakafuni palepale, akajifunika uso kwa kanga.

Hellena hakuweza kukaa. Aliibeba ile kadi ndani ya kitenge kama kifaranga, akaenda kwa Yonas, fundi wa kompyuta karibu na stendi. Yonas aliigeuza, akaipuliza vumbi, akaichomeka kwenye mashine kubwa iliyokuwa pale. Picha zikatiririka kama maji.

"Kadi nzima kabisa, mama. Hao wa tatu wamejitahidi, usiwalaumu. Ila imetengenezwa kwa kompyuta za siku hizi. Mashine ya Coleta ni ya zamani, haziwezi kuelewana." Akaichomoa kadi. "Lakini Loth anajua hayo. Aliileta hapa baada ya kumgomea kwenye mashine yake. Nilimwambia mashine kama yake inataka kadi kama ile ya Coleta."

"Alikuja lini?"

"Kabla hajaileta kwenu. Alikuja na mama yake. Huyo mama alikaa hapohapo kwenye benchi ulipokaa. Tena ndiye aliyeuliza mara mbili, 'Kwa hiyo kwenye mashine ya zamani haifanyi kazi kabisa?' Nikamwambia haifanyi, mama."

Hellena aliinuka kwenye lile benchi kama aliyekalia kaa la moto, akairudisha kadi nyumbani na kumweleza binti yake yote.

Siku ya misa ya shukrani Hellena hakwenda Muze. Waliokwenda walirudi wakisifu: video safi, na mwishoni jina la Loth kwa herufi kubwa. Coleta alisikia, akaingia chumba cha mbele, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata zamu ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwa Hellena. Wanajumuiya walikuwa wameshakaa, rozari mikononi, Fortunata alipoingia na kikapu chake kimefunikwa kitambaa cheupe.

"Mama Coleta, nimekukumbuka na migebuka. Umeona watoto wetu walivyosaidiana? Mungu ni mwema."

Hellena alikipokea kikapu kwa mikono miwili. Hakupiga goti. Alikiweka chini katikati ya watu, akavuta kitambaa.

Bibi Salome, mzee kuliko wote pale, aliacha kuhesabu rozari.

Hellena akatoa samaki wa kwanza, akamgeuza, akamnusa, akamvunja mkia kutazama ndani. Akamlaza kwenye mkeka. Akatoa wa pili.

"Mama Coleta," Fortunata alisema, "unanikagua? Mbele za watu?"

"Nakukagua."

"Samaki wangu wana nini?"

Walikuwa wazuri. Wamekauka vizuri, hawana hata funza mmoja. Hellena aliwageuza wote mpaka chini ya kikapu, na machozi yakawadondokea.

"Hawana kitu, Mama Loth," alisema. "Hata ile kadi haikuwa na kitu."

Mlango wa chumba cha mbele ukafunguka. Coleta akasimama hapo, kadi mkononi. Akapita katikati ya watu bila kusema shikamoo, akaiweka ndani ya kikapu kitupu, akakifunika kwa kitambaa chake cheupe, akamrudishia mama yake wa ubatizo.