Mama Mkwe Aliyekwama Kwenye Shokapu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelala chali chini ya pikapu yangu, na nati ya shokapu ya mbele imejifunga kitenge cha mama mkwe wangu.

Sikushtuka. Nati ile nilikuwa nimepambana nayo mchana kutwa nikiwa macho, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na haikusogea hata unywele. Mimi ni fundi magari, Kihonda nzima wananijua, lakini mganga hajigangi: gari bovu kuliko yote mtaani ni langu. Shokapu za mbele zimekufa. Ukipita kwenye shimo, meno yanagongana.

Na mama mkwe alishasema, gari likipona tu, nimrudishe kwao Sikonge, maana nyonga yake haiwezi safari ya basi. Alikuja kumlea mke wangu, Kalunde, alipojifungua. Leo mtoto mwenyewe, Kashindye, anakimbiza kuku. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alimwambia Kalunde, na yeye jembe lake limeshaisha makali.

Mimi sikusema kitu. Kwetu mama mkwe humtazami usoni, humshiki mkono, na neno lako kwake linapitia kinywani mwa mtu mwingine. Tumekaa nyumba moja muda wote huo na sijawahi kumwambia hata shikamoo bila Kalunde katikati.

Basi kwenye ndoto nati inaniona, inageuka upande na kujifunika uso. Pembe zake zinachomoza kwenye kitenge. Inaiambia spana iliyo mkononi mwangu:

"Muulize huyo aliyelala hapo, amekuja kunifukuza tena?"

Spana inakohoa, inanigeukia na kuniuliza, ingawa nilishasikia. Ninaiambia iseme hapana, ni kazi tu. Spana inasema hapana, ni kazi tu. Ilikuwa spana ya pete, mshenga mzuri, haongezi wala hapunguzi.

Kanuni ya nati iliyoshika kutu ni kuipa mafuta, halafu uyaache yanywewe. Ninatoa kopo la mafuta. Nati inatoa kitana, inataka ipakwe kuanzia kwenye mizizi ya nywele. Kwa kuwa mimi siruhusiwi kumgusa, spana ndiyo inayopaka. Yanayobaki nati inayanywa kwenye kikombe, polepole, na inaulizia sukari.

Haikusogea. Kwa hiyo ilibidi niipashe moto. Nikawasha gesi, nati ikasema gesi inakausha ngozi, iletewe mkaa.

Nilipogeuka kutafuta mkaa, gari halikuwepo. Tulikuwa kwenye stesheni ya treni ya Tabora. Boliti imesimama katikati ya jukwaa, nene kama nguzo ya umeme, na nati imekaa juu yake inaota moto wa jiko. Abiria wanampa mahindi awachomee. Anawachomea, anawauliza mmoja mmoja kama wamekula. Kipaza sauti kikatangaza kwamba treni ya Sikonge itaondoka nati itakapofunguka, na fundi mhusika aache kuzubaa. Sikonge haina treni, najua, lakini pale hakuna aliyebisha.

Hapo akaja Nguvu. Alikuwa mwanamume mpana mwenye singlendi, akauliza kwa nini hatumiki. Nikamweleza kwamba kanuni inakataza kutumia nguvu, kona za nati zitaliwa. Akasema sawa, ila ametoka mbali, na ana watoto. Akakaa kwenye benchi akiwa ameinamisha kichwa. Nikamwonea huruma, nikamtumia kidogo.

Tunaivika spana bomba refu, tunavuta. Kola ya shati inanibana. Tunavuta tena, paa la stesheni linashuka, abiria wanasogeleana, mkanda wangu unajikaza wenyewe tundu baada ya tundu. Tunavuta mara nyingine na jukwaa zima linakuwa na ukubwa wa sebule yangu, watu wamebanana, na nati katikati yao inaendelea kugeuza mahindi.

Shokapu ya zamani ilikuwa imeegemea ukuta, inavuja mafuta machoni. Ikauliza kwa upole, "Fundi, hivi wewe unafungua au unakaza?"

Nilikasirika. Nikasema nilianza kazi hii kabla yeye hajamiminwa kiwandani. Nikaitaka spana inishuhudie.

Spana ikatazama chini. "Anakaza," ikasema. "Tangu jana asubuhi anakaza. Nilinyamaza kwa heshima."

Aisee. Nikaangalia vizuri, na ni kweli. Nati ile imetazama juu, nawe unaifikia kutoka chini, kwa nyuma yake, kwa hiyo mkono wa kufungua unageuka kuwa wa kukaza. Ndilo kosa la kwanza ambalo mwanagenzi anakemewa. Mimi mwenyewe nimewakemea wengi.

Abiria wote wakaacha kutafuna. Nati ikaiambia spana, bila kugeuka, "Muulize. Fundi mzima anakosaje mkono mchana kutwa?"

Spana ikanigeukia. Nikaiambia, mwambie ni joto. Spana haikusema. Nikaiambia, basi mwambie ni njaa. Spana ikajitoa mkononi mwangu, ikajilaza sakafuni, ikasema jambo hilo haiwezi kulibeba, nilibebe mwenyewe.

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Mimi mama yangu alifariki kabla sijaijua sauti yake. Nililelewa na wajomba, watu wema, lakini wanaume wanaokula kimya. Siku hizi nikirudi jioni, nikiwa bado navua viatu, namsikia mama mkwe jikoni akimuuliza Kalunde kwa sauti kubwa, makusudi niisikie: huyo mwenzio amekula? Basi nasimama pale mlangoni na kiatu kimoja mkononi, nimefurahi kama mjinga. Nampenda mama yule. Sikujua inasemwaje, wala inapitia kwa nani.

Nikavua kofia.

"Mama," nikasema, "usiondoke. Si Kalunde anayekuomba. Ni mimi."

Jiko likarusha cheche. Nati ikateremsha kitenge, ikanitazama usoni, nami nikamtazama. Alikuwa na uso wa mama mkwe, na kutu kidogo kwenye nyusi.

"Baba Kashindye," akasema, "nilidhani unahangaika na hili gari usiku na mchana ili niende."

"Nilikuwa nakaza, mama."

"Nimeona." Akageuza hindi moja. "Lakini sasa nifungue. Mtu aliyekwama hajakaa, amekwama tu. Nifungue, nikae kwa kupenda kwangu."

Akanyoosha mkono. Nikaogopa, maana desturi ni desturi, na mkono wangu ulikuwa umejaa grisi. Akasema grisi hainaga ukoo, nimshike. Nikaweka kidole gumba juu ya mkono wake, nikageuza upande ule mwingine, taratibu, bila spana na bila Nguvu. Nati ikazunguka kama kifuniko cha chupa ya mafuta ya kula. Paa likapanda. Mkanda wangu ukalegea. Treni ikapiga honi ikaondoka, na dirishani nilimwona Nguvu na watoto wake wakila mahindi. Kiti cha mama mkwe kilikuwa kitupu.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani na Kalunde hayupo kitandani. Nikanawa uso, nikatoka uani, nikainamisha kichwa kama kawaida, maana mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko akimimina chai.

Kwa kawaida kikombe changu kinatoka kwake, kinapita kwa Kalunde, ndipo kinanifikia. Leo Kalunde alikuwa amemshika Kashindye anayegoma kuvaa suruali. Mama mkwe aligeuza uso upande wa ukuta, akasema na binti yake.

"Mwambie mwenzio, gari alitengeneze bila haraka. Nyonga imeniambia tungoje mpaka Kashindye aanze shule."

Kalunde akaacha suruali ikaning'inia. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akauliza ni lini tumezungumza hayo.

Mama mkwe akaninyooshea kikombe yeye mwenyewe, huku bado anatazama ukuta. Nikakipokea kwa mikono miwili. Juu ya mkono wake, chini kidogo ya vifundo vya vidole, palikuwa na alama ya grisi, nyeusi, ya kidole gumba. Alijua nimeiona. Hakuifuta, aliifunika kwa pindo la kitenge, akauliza ukuta kama nitakula mihogo au maandazi.