Jina Halilali Nje

Anselme Rouveyre hakuwa na baba, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na kipande cha ardhi tambarare hata cha kulaza ng'ombe; na tangu vuli iliyopita hakuwa na uhakika kama ana ndugu. Lakini upungufu uliomponza ulikuwa mwingine: hakuwa na neno "hapana" la kumwambia mama yake.

Mtoto alizaliwa mwezi wa pili, theluji imefika madirishani. Wa kiume. Solange, mkewe Anselme, alimkumbatia akasema, "Huyu ni Félix. Maana yake mwenye bahati. Nyumba hii imekosa bahati, basi nimewazalia."

Bibi Philomène, mama yake Anselme, alikuwa akikoroga supu ya kabichi. Hakugeuka.

"Huyu ni René," alisema.

René maana yake ni aliyezaliwa upya. Limetoka katika Kilatini cha mapadre wa kale, na kwingine Ufaransa ni jina kama majina mengine. Kwa akina Rouveyre, huko milimani, lilikuwa zamu. Akifa mwenye kulibeba, mtoto wa kiume wa kwanza kuzaliwa baada yake hulipokea, maana jina, walisema, halilali nje. Mmoja alibaki nalo vitani Verdun. Mpwa wake akalirithi, naye akafunikwa na theluji akiwatafuta kondoo. Kisha likamwangukia mdogo wake Anselme, ambaye Anselme alimbeba mgongoni hadi shule. Jeshi lilimpeleka Algeria, na tangu vuli jeshi lilisema tu kwamba hajulikani alipo.

"Mama, mtu kutojulikana alipo si kufa," Solange alisema.

"Nimemwona ndotoni, nywele zinachuruzika maji. Aliye hai haji hivyo."

"Na akirudi? Umesahau ya bibi yenu?"

Kijiji kizima kilijua ya bibi yao. Zamani za vita vya kale, aliliwahisha jina. Alimpa mtoto, kumbe mwenye jina hajafa. Mtu akarudi kwa miguu msimu wa kukata nyasi, wakala meza moja, René mkubwa na René mdogo. Nyasi hazijakauka, mtoto akazikwa.

"Sijasahau," alisema Bibi Philomène. "Ndiyo maana nimemsomeshea mwanangu misa ya wafu kwanza. Kengele imelia, maji yamemwagika. Wewe kunywa supu yako, binti, maziwa yatoke."

Solange alimtazama mumewe. Mumewe alitazama viatu vyake vya mti.

Sheria iliwapa wazazi siku tatu. Siku ya mwisho Anselme aliteremka kijijini, kwa Mwalimu Blanquet, ambaye asubuhi alifundisha watoto na jioni aliwaandikisha waliozaliwa.

"Nimeshakuandalia wino," mwalimu alisema. "Kazaliwa siku ya Mtakatifu Blaise, lakini usimpe Blaise, nakuomba. Maana yake mwenye kigugumizi. Baba mmoja asiyesema anatosha."

Anselme alicheka, pengo likaonekana. "Na Anselme je, mwalimu?"

"Kijerumani cha kale. Kofia ya chuma ya Mungu. Yaani mlinzi."

"Mlinzi!" Kicheko kikamkatikia. "Andika René."

Kalamu ilisimama hewani. "Na mdogo wako?"

Anselme alimfikiria mama yake akisubiri karibu na jiko. "Amekufa," akasema. Neno lilipita kwenye pengo la meno kama upepo unaopita chini ya mlango.

"Likishaandikishwa ndio basi, Anselme. Kulifuta ni mpaka hakimu."

"Andika."

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Mtoto alinenepa, mashavu kama tufaa. Bibi alikaa karibu na jiko akitikisa susu kwa mguu, akiimba jina hilo tu, tena na tena, hata Solange akawa anatoka nje kwenda kwa ng'ombe ili asilisikie.

Kisha Hortense, mwenye mkahawa uliokuwa na simu pekee kijijini, alipanda mlima akihema.

"Mimina divai, Anselme, sijapanda huku kwa ajili ya sura yako! René kapiga simu! Yuko hospitali ya jeshi, Marseille. Mguu mmoja hana, lakini ulimi anao, kaniita kupe kama zamani! Anasema Pasaka wanamruhusu. Mwandikieni mumwambie nani atampokea stesheni."

Mguu wa Bibi Philomène ulitulia juu ya susu. Macho yake hayakwenda mlangoni, kulikotoka habari za mwanawe. Yalikwenda kwa mtoto.

"Jamani," alisema Hortense, "kwani nimeleta msiba?"

Jioni ile mtoto alikataa ziwa. Kesho yake alianza kukohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima. Daktari alikuja, akasema ni baridi ya kifua, akaacha dawa. Solange alijaribu kumwita Félix, sikioni, kwa siri. Mtoto hakugeuka. Bibi alipomwita kwa jina lile jingine, alifumbua macho.

"Ameshalizoea," alisema Bibi Philomène kwa sauti ndogo. "Hataliachia. Na yule mwingine naye hataliachia."

"Mama, ni mwanao!" alisema Anselme.

"Na huyu ni mwanao."

Anselme alingoja mkewe apige kelele, aseme kwamba ni ushirikina wa wazee, aseme alivyosema siku zote. Alihitaji mtu mmoja tu katika nyumba ile wa kusimama upande wa ndugu yake. Solange aliweka mkono juu ya paji la mtoto lililokuwa likichemka. Kisha akainuka, akafungua kabati, akaleta karatasi, kalamu na bahasha. Aliviweka mbele ya mumewe bila kumtazama.

Anselme aliandika. Neno ambalo hakuwahi kuwa nalo lilimjia sasa, tena la kwanza kabisa.

"Hapana, René. Usije. Paa limeanguka, mama hajiwezi, hapa hakuna pa kukulaza. Kaa huko huko Marseille. Usipige simu tena."

Juu ya bahasha aliandika jina, lile lile aliloandikisha kwa mwalimu. Alilamba gundi, ikawa chungu, akabana kwa kidole gumba mpaka bahasha ikashika. Tarishi alikuwa tayari mlangoni, theluji mabegani.

"Hatimaye!" tarishi alisema. "Umemwambia tunamsubiri?"

"Nimemwambia."

Tarishi aliitia barua mkobani, akaufunga, akateremka mlima. Nyuma ya Anselme, ndani, kikohozi kilikuwa kimekoma, na hakuna aliyethubutu kwenda kutazama.