Konje ya Mchimba Visima

"Boti ya Moba inaondoka lini?" Ilunga aliuliza, na karani wa bandari hakuinua hata kichwa.

Ilikuwa siku ya tano mfululizo ya kuuliza swali lilelile kwenye dirisha lilelile. Karani, kijana aliyefunga vifungo vyote vya koti lake la abakosti mpaka kooni na jua lile, alijibu kama jana na juzi: mazuti ya injini hakuna, labda kesho. Lakini siku hiyo akaongeza swali lake mwenyewe, pengine kwa kuchoka. Sitwayeni, ndivyo alivyomwita kila mwananchi, ana mzigo gani wa kupeleka Moba, hata anashinda hapa kila asubuhi?

"Sina muzigo," Ilunga akasema. "Nina mukwe."

Wapagazi waliokaa juu ya magunia ya samaki wakavu wa ndagala wakaangua kicheko. Haya, wacheke. Wao wameoga ziwani jana, wataoga leo na kesho, wanajua nini kuhusu mtu aliyelingoja ziwa kwa miaka kumi na tisa?

Kwa maana Ilunga alikuwa mchimba visima. Misioni ilimtuma katika vijiji vya nyuma ya Kiambi, huko ambako mwanamke anaondoka na ndoo alfajiri na kurudi nayo jua la utosi. Kazi yenyewe ni hivi: unateremshwa kwa kamba na jembe la mpini mfupi, unachimba wiki, unachimba mwezi, na mbingu yako inabaki duara moja dogo huko juu, kama sahani. Siku maji yanapokuja, yanaanza kukulamba vidole vya miguu. Hapo unavuta kamba mara mbili na wenzako wanakupandisha. Wanawake wanapiga vigelegele, maji ni yao sasa, na wewe uliyejaa matope mpaka masikioni unapewa ndoo moja ukaoge nyuma ya nyumba. Alikuwa amechimba visima thelathini na vinne, na hakuna maji yaliyowahi kumpita magoti. Mto Luvua ulikuwepo, kweli, nusu siku kwa baiskeli, lakini ule ni mto wa mamba, na Ilunga hakuwa na haraka ya kufa.

Basi misioni ilipompa konje kwa mara ya kwanza, siku kumi na mbili za kupumzika, safari haihesabiwi, na mshahara juu yake, hakufikiri mara mbili. Alisema Kalemie, ziwani. Mke wake, Bibiane, alikuwa ameishi ziwani utotoni, na kila kiangazi alimsimulia: unaingia mpaka shingoni, unaachilia miguu, na maji yenyewe yanakubeba mgongoni kama mtoto. Ilunga aliwaahidi watoto wao wawili kwamba wataingia wote pamoja, wameshikana mikono. Wakapanda lori mpaka Nyunzu, wakangoja treni siku mbili, wakasafiri wamebanana na mbuzi na mitungi ya mawese, na njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake.

Jambo moja tu lilimtia wasiwasi, na alikuwa amelishughulikia mapema. Wangefikia kwa Gaspard, kaka yake Bibiane, mwalimu, mwenye nyumba ya matofali palepale mchangani. Mama yao anakaa hapo. Kwa hiyo Ilunga aliandika barua, akauliza kwa adabu mama atakuwa wapi mwezi wa nane. Gaspard akajibu kwamba mama atakuwa Moba, kwa binti yake mwingine aliyejifungua. Ilunga akaandika barua ya pili kuhakikisha. Jibu likawa lilelile.

Wakafika, na mama yuko mlangoni na kibegi chake kimefungwa. Boti haina mazuti.

Jina lake ni Dorothée. Nalitaja mimi, maana Ilunga hawezi. Kwa watu wake, mama wa mke ni wa kuogopwa kuliko serikali. Humtazami usoni. Huli anapokuona. Ukikutana naye njiani unapisha majanini, na neno lako linampitia mtu wa tatu. Na kumwonyesha kifua wazi, achilia mbali kaptula, ni aibu isiyosemeka, na ya kwake yeye pia, kwa sababu mkwe hapaswi kumwona mama yule bega wala goti. Ikitokea kwa bahati mbaya, unatoa kuku, na familia mbili zinakuongelea mpaka unazeeka.

Sasa hebu fikiria. Nyumba haina ua, mlango umelitazama ziwa, na Bibiane hajamwona mama yake kwa miaka sita. Habanduki kwake. Kila alasiri wanateremka wote mchangani, mke, watoto na mama, na Ilunga anakwenda kukaa mbali, nyuma ya mtumbwi mmoja uliopinduliwa chini juu ukingoja lami. Suruali ndefu, shati la mikono mirefu, soksi, viatu. Jasho linamtiririka mgongoni. Watoto wanamwita wakiwa wamelowa, meno nje, wanamwambia maji ni mazuri. Naye anajibu, bado kidogo. Siku nzima bado kidogo.

Jumamosi ya kwanza akasema walau leo mama atakwenda sokoni. Kumbe Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya umma. Kiongozi wa mtaa akamkuta nje, akamwambia konje ni ya kwao huko, hapa taifa linafanya kazi, akamtia sepetu mkononi. Ilunga akachimba mtaro mpaka saa saba. Alikuwa amesafiri siku nne kuja kupumzika, na wamempa udongo. Mama aliporudi kutoka sokoni yeye bado yuko mtaroni.

Siku ya nane uvumilivu ulimwisha. Aliamka kabla ya jua, akapita kimya kimya mpaka nyuma ya mawe makubwa, mahali ambapo hata wavuvi hawapiti. Hakupenda kuingia peke yake kama mwizi, ahadi ilikuwa waingie wote, lakini alijiambia mguu mmoja si dhambi. Akavua shati, akavua suruali, akabaki na chupi. Akatia mguu. Baridi ikampanda mpaka kwenye meno, na alicheka, mtu mzima, peke yake.

Alipogeuka, mama Dorothée alikuwa anakuja kuzunguka mawe, kitambaa begani, sabuni mkononi.

Sijui nani alikimbia zaidi. Ilunga alijitupa kwenye matete na suruali yake kichwani, na akakaa humo akiliwa na mbu mpaka jua likapanda. Asubuhi hiyohiyo alinunua kuku, jogoo mwekundu, ili Bibiane ampelekee mama. Gaspard alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Hata kule ananifuata," Ilunga alimwambia mke wake. "Ziwa lote hili, na njo kule kule anakuja."

Bibiane alitaka kusema kitu, kisha akamshika jogoo miguu na kuondoka naye.

Ikabaki siku moja. Treni ni Jumatatu. Hiyo ilikuwa Jumapili, na Bibiane alikuwa amepika ugali na samaki wa mikebuka ili wale wote mchangani kwa mara ya mwisho, kila mmoja mahali pake pa heshima. Ilunga akateremka na sahani yake. Mtumbwi haupo. Mwenyewe ameupaka lami jana na leo ameuingiza majini. Ufuko wote ulikuwa mtupu, hakuna hata gogo la kujificha, na pale juu chini ya mnazi ameketi mama na khanga yake imemfunika mpaka visigino.

Hapo kitu kilikatika kifuani mwa mtu yule. Aliweka sahani chini, akapanda nyumbani, akarudi na sepetu ya salongo. Hatua sita kutoka mawimbi yanapoishia akaanza kuchimba. Alichimba kwa hasira, mchanga ukiruka, viatu bado mguuni. Akikosa pa kujificha juu ya ardhi, basi atakwenda chini, huko ndiko kwake.

Mvuvi mmoja aliyekuwa anatengeneza wavu alimuuliza anazika nani.

"Konje yangu," Ilunga akajibu, na mvuvi akarudia wavu wake.

Shimo lilikuwa limemfika kiunoni Bibiane alipokuja kusimama ukingoni. Akamwangalia anavyolaza kingo kwa mteremko ili mchanga usimporomokee, maana hata akiwa na hasira mkono wake haukusahau kazi. Kisha akachutama.

"Baba Adrienne," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao mkubwa. "Unafikiri mama alifuata nini kule kwenye mawe?"

Ilunga akatupa mchanga mwingine.

"Alikuwa na sabuni mukononi. Uliiona. Mama alizaliwa mu maji haya. Kila siku anaingia, mvua, jua, hata siku tulizika papa yetu aliingia. Sasa ni siku kumi na moja anaoga na ndoo nyuma ya nyumba, kama mugonjwa. Anaogopa utamuona. Ni wewe njo unamuzuia."

Sepetu ikasimama. Siku zote hizo Ilunga alimwona mama yule kama mlinzi aliyewekwa langoni kwa ajili yake. Hakuwahi kujiuliza kwa nini anakaa ameligeuzia ziwa mgongo. Sasa, bila kumtazama, kwa pembe ya jicho tu, aliona kwamba bado amekaa hivyohivyo, ameugeukia ukuta wa nyumba, na mawimbi yanapiga nyuma yake. Ndoo nyuma ya nyumba. Ndoo hiyo Ilunga anaijua. Aliona haya, na hasira bado iko palepale, vyote viwili kwa pamoja, na hakujua amkasirikie nani.

Akainama, akachimba tena. Mchanga wote sasa aliutupa upande wa ziwa, ukawa ukuta. Akachimba mpaka ukuta ukamfika kifuani, akaupiga kwa mgongo wa sepetu ushikamane. Chini mchanga ukawa mweusi na mzito. Akaketi ndani, akajaribu kuinua shingo: haoni kitu ila mbingu.

"Mwambie mama yako aingie," akasema. "Mimi siko."

Bibiane alimtazama kidogo, akaenda. Nyayo zake zikapotea. Ilunga akangoja mpaka akafikiri mama amekataa. Halafu maji yakapigwa kwa nguvu, mtu mzima amejitupa, watoto wakapiga kelele, na juu ya kelele zao kikasikika kicheko ambacho hakuwahi kukisikia kwa miaka kumi na moja ya ndoa, kicheko cha msichana.

Ndipo alipohisi baridi kwenye kisigino. Maji yalikuwa yanachirizika kutoka mchangani, upande wa ziwa, safi, yakiingia kwenye viatu. Mkono wa Ilunga ukapanda wenyewe hewani kutafuta kamba, uivute mara mbili. Hapakuwa na kamba. Juu hapakuwa na mtu.

Akaushusha. Akavua viatu na soksi, akavua shati, akavitundika juu ya mpini wa sepetu aliyoichomeka ukingoni. Akaegemea mchanga, akanyoosha miguu. Huko nje wimbi likapiga, na ndani ya shimo maji yakampita magoti, yakapanda mpaka kitovuni, yakasita, yakapanda tena kidogo.