Damu Isiyo ya Tambuu

Mimi ni mshenga. Watu wa Tanga wakitaka kuoa au kuozesha na hawajui waanzie wapi, hunifuata mimi, Uweso, nikawasemee. Miaka thelathini nimeingia nyumba za watu na kanzu iliyopigwa pasi, nikaketi mkekani, nikaletewa sinia la tambuu. Mshenga hakatai tambuu. Ukilikataa la wenye binti, umeyakataa maneno yao. Basi nikatafuna yote pamoja, jani, popoo, chokaa na tumbaku, nikabana kwenye shavu la kushoto na kuendelea kumsifu kijana nisiyemjua vizuri. Baadaye nikawa natafuna hata nyumbani kwangu, ambako hakukuwa na binti wa kuposwa.

Uzuri wa tambuu ni kwamba mate yanakuwa mekundu. Mtu anatema na hakuna anayeuliza. Mimi mwenyewe sikuuliza. Fizi zilipoanza kuuma nilinunua mswaki laini. Meno mawili yalipoanza kucheza nikasema ni umri. Harufu ilipokuja nikatembea na karafuu mfukoni, nikajiona mjanja kweli.

Ramadhani ndiyo iliyoniumbua. Siku ya tano, nasukutua kwa udhu wa alasiri, mdomo haujaona tambuu tangu daku, nikatema wekundu mtupu. Mtu mwenye akili timamu angekwenda hospitali. Mimi nilikwenda kwa Shekhe Tahiri, kuuliza kama saumu yangu imebatilika.

Shekhe alinisikiliza akiwa amerudi nyuma hatua mbili, nikadhani ni heshima.

"Usipoimeza kwa makusudi, saumu yako ipo," alisema. "Lakini mdomo wako una maradhi, Bwana Uweso. Nenda hospitali kesho."

Nilirudi nyumbani nimefurahi kwamba sina saumu ya kulipa. Mke wangu, Mwatumu, alisikiliza habari nzima na hakufurahi nami. Asubuhi yake alivaa baibui, akaita bajaji, akaniambia nipande.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo aitwaye Anastazia, mzaliwa wa Maramba. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanitazama kinywani na kunyamaza muda mrefu. Katika kazi yangu, wenyeji wakinyamaza namna ile najua posa imekataliwa.

"Damu imeanza lini, mzee?"

"Juzi," nilisema.

"Miaka mitatu," alisema Mwatumu kutoka kwenye kiti cha pembeni.

Daktari aliandika mitatu. Akanieleza kwamba fizi zimeachana na meno, na kwamba katika nafasi hizo wamejaa bakteria. Shavuni, palepale ninapobana tambuu, pana baka jeupe lenye wekundu ambalo halikumpendeza. Nikauliza kama ni kazi ya bakteria haohao. Akasema watafiti wamewakuta bakteria wa fizi hata ndani ya uvimbe wa saratani ya kinywa, na wenye fizi mbovu huonekana kuipata zaidi, ila bado haijajulikana kama wao ndio huuanzisha ugonjwa au huukuta na kuuchochea.

"Tumbaku na popoo ndizo hazina mjadala," alisema. "Hizo zinaleta saratani."

Akakata kinyama kidogo, akakipeleka maabara.

Majibu yalitoka baada ya Idi. Daktari alituketisha, akasema ni saratani, bado changa. Akikata mapema kipande cha shavu na meno matatu, matumaini ya kupona ni makubwa. Usemi wangu huenda usirudi kuwa ule wa zamani.

Niliogopa sana. Na kwa kuwa niliogopa, nikafanya kitu pekee ninachokijua, nikaanza kumwomba apunguze. Nikamwambia daktari kwamba tumemsikia, na maneno yake ni mazuri, ila huenda pakapatikana njia ya katikati. Asafishe fizi kwanza. Mimi nitaacha tambuu, tena mbele ya mashahidi. Shavu tulitazame msimu wa harusi ukipita, maana nina posa mbili mkononi, moja ya mtoto wa Mzee Luqmani kule Raskazone. Sijapata kusema vizuri vile maishani mwangu. Hata daktari aliweka kalamu chini.

"Baba Hafsa," alisema Mwatumu, "nyamaza."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Nikanyamaza.

"Daktari, miaka mitatu nalala nimeelekea ukutani kwa ile harufu. Nilimwambia mara moja. Akanitania, nikacheka, halafu nikaona haya kulirudia. Nimekaa nalo hilo neno mpaka limekuwa saratani. Mkate hilo shavu. Hata akirudi bubu, nitamchukua hivyohivyo."

Niliukumbuka ule utani. Nilikuwa nimeusimulia hata barazani, na watu walivunjika mbavu.

Nilitia sahihi. Nilipoinama kuandika, damu ikanichuruzika pembeni mwa mdomo. Mwatumu akasogea, akanifuta kwa ncha ya mtandio wake, uso wake karibu kabisa na wangu, na hakuugeuza.