Maji Yamezidi

Tumbo la Jepkemboi lilikuwa limevimba hata kuinuka kwenye kochi lazima avutwe mikono yote miwili. Daktari kule Nakuru alisema wazi: sukari imepanda kwenye damu, ndiyo maana maji yanayomzunguka mtoto yamezidi. Mama mkwe, aliyemsindikiza, alishika la maji tu. Walipofika nyumbani Keringet, akafungia jagi kabatini.

"Maji yamezidi, na wewe unataka kuongeza mengine?"

"Mama, shida ni sukari," Jepkemboi alisema, koo limemkauka.

"Wacha hizo. Mimi nimezaa tisa."

Akamletea uji, akakoroga vijiko vinne vya sukari, akaketi kumngoja amalize. Jepkemboi aliutazama mlango. Nyumba nzima, wa kumvuta mikono alikuwa huyo huyo.