Bata Mwenye Jicho la Kifungo

Mchoro wa blanketi la mtoto ulitaka bata mmoja wa manjano, uzi mmoja, mshono mmoja, basi. Mtoto wa shule angemdarizi akamaliza. Lakini mama huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyongeza, hakuwahi kufuata mchoro hadi mwisho tangu ashike sindano, na hakuona kwa nini mjukuu wake wa kwanza aanze maisha na bata wa watu wote.

Akaongeza. Bawa alilishona kwa sufu aliyoifumua kwenye sweta kuukuu. Maji akayadarizi kwa shanga za buluu. Mdomo akautia uzi wa dhahabu, ule unaokwaruza. Jicho likawa kifungo cheusi cha koti, kikubwa, kikampa bata sura ya mkaguzi wa kodi. Alipomaliza alilinyoosha blanketi mezani, akajipongeza. Ndiyo, aliikumbuka foronya aliyomdarizia mumewe kwa mafundo manene, hadi mzee wa watu akaenda kazini na ua zima limechapwa shavuni. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Kilichomsumbua ni mkwewe. Mke huyo wa mwanawe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mpole, mtu wa maneno machache, na kila zawadi aliyopewa na mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaiweka juu kabisa ya kabati. Huko juu palishajaa. Sasa mimba ilikuwa imekomaa, begi la hospitali liko wazi kitandani, na Nyongeza alitaka jambo moja tu: blanketi lake liingie kwenye begi lile. Likienda kabatini, aliamini, naye atakuwa bibi wa kabatini.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye alilitembeza mwenyewe, asubuhi, limefungwa vizuri kwenye karatasi.

"Hodi humu!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Usiinuke, kaa, kaa. Nimekuletea kitu."

Mkwe alilifungua, akampapasa bata taratibu kama anayempima mgonjwa. Kisha akainama, akaling'ata jicho, akavuta. Tak! Akakitema kifungo kiganjani.

"Nisamehe, mama. Hiki kingekuwa kooni mwa mtoto saa hizi. Na juzi tu tumemtoa mtoto shanga puani."

Nyongeza hakuthubutu kulitazama lile bwawa la shanga. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na bata wake.

"Na haya manyoya," mkwe aliendelea kwa upole uleule, akijitoa nyuzi za sufu midomoni, "angeyameza."

"Basi si bata huyo, ni mtego," alisema Nyongeza, akacheka. Lakini alilibeba blanketi lake akarudi nalo.

Nyumbani alifumua. Unadhani aliurudia mchoro? Thubutu! Shanga zikapisha mafundo madogo ya uzi wa pamba, yaliyokazwa kisawasawa. Bawa alilikata kwenye flana laini aliyoivaa mwanawe alipokuwa mchanga, akalizungushia mshono wa mnyororo. Mdomo ukawa pamba tupu. Jicho alilijaza uzi juu ya uzi hadi likapata huruma, na mkaguzi wa kodi akastaafu.

Aliporudi kwa mkwewe, hakumpa nafasi.

"Safari hii nang'ata mimi," alisema. Akalikamata bawa kwa meno ya mbele, akavuta kwa nguvu zote za aibu aliyokuwa nayo. Kitu kikalegea. Kikang'oka. Moyo ukampasuka paa.

Mkwe alilichukua blanketi akalikagua. Bata mzima. Jicho lipo, bawa lipo, kila tone la maji lipo mahali pake. Ila kwenye ukingo wa bawa, limenasa katika mshono wa mnyororo, palikuwa na jino la bandia la mama mkwe.

"Mama..." Hakuweza kumaliza. Alicheka huku amelishika tumbo kwa mikono miwili, akacheka hadi machozi, huyo mtu wa maneno machache, na Nyongeza akacheka naye, pengo nje.

Mkwe alilinasua jino, akampa. Kisha akalikunja blanketi, bata juu, akalitia kwenye begi.

"Huyu tunakwenda naye," alisema. "Na wewe, mama, siku ikifika nataka uwe pembeni yangu. Naogopa."

Nyongeza alitaka kujibu neno la maana, linalomfaa bibi. Kwenye pengo ukatoka mluzi tu, akaona bora alie.