Joto la Ermelinda

Ermelinda Chiquiza alikuwa akikata mawaridi katika shamba lililoko nje kidogo ya mji wa Facatativá alipoona jalidi iliyoganda kwenye mkasi wake inayeyuka na kumchuruzikia kiganjani. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba tangu Krismasi, na kila akiamka vidole viligoma kukunjika mpaka jua lipande. Alifuta mkasi kwenye aproni, akaendelea kukata.

"Hiyo baridi yabisi," alisema Nubia, aliyekata naye safu moja. "Mama yangu alikuwa nayo."

"Baridi gani? Hebu gusa."

Nubia aligusa, akaondoa mkono upesi. Kisha akaleta kikombe chake cha maji ya sukari guru, yaliyokwisha poa, akakiweka kati ya viganja vya Ermelinda. Yalipochemka, walikunywa wote wawili.

Daktari wa zahanati ya mjini alimweleza. Mwili una walinzi wa kupambana na maradhi; wa Ermelinda walikuwa wamekosea adui, wakavamia viungo vyake mwenyewe.

"Dawa zipo, mama, ila anza leo. Ukichelewa viungo vitalika, na vidole vikishapinda havirudi."

Juma hilo jalidi ilishuka katika tambarare nzima. Katika mashamba ya jirani maua yaliungua kwa baridi yakawa meusi. Katika nyumba ya plastiki ya kukuzia mawaridi aliyokuwamo Ermelinda halikuungua hata jani moja, na kila alikopita, matumba yalimgeukia. Wakataji waliweka mikasi chini. Mzee mmoja alivua kofia. Ermelinda naye, pamoja na maumivu yake, alisimama akitazama maelfu ya vichwa vyekundu vilivyomwelekea, na machozi yakamlengalenga.

Msimamizi, Bwana Baquero, alileta kiti akakiweka katikati ya safu.

"Doña Ermelinda, kukata basi. Wewe kaa tu hapa. Ila hizo dawa, nakuomba, zisubiri sikukuu ya wapendanao ipite, zisije zikakupoza."

"Daktari amesema nisichelewe."

"Daktari hauzi maua."

"Na wewe huna vidole hivi."

"Sina," alikubali Baquero. "Na mkataba wako unaisha mwezi huu."

Ermelinda alikaa. Mawaridi yote yalisafirishwa salama. Siku lori la mwisho lilipoondoka, alishindwa kushika kijiko, na vidole vinne vilikuwa vimelalia upande mmoja. Jioni ile alimeza kidonge cha kwanza. Kufikia Pasaka uvimbe ulikuwa umepungua na mikono imepoa. Vidole havikunyooka.

Baquero alikuja kumsalimia, akausikia mkono baridi, akamhamishia kwenye ufagio.

Kesho yake alianza kuwasalimia wakataji wote kwa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpa kila mmoja pole ya kazi, akaushika mkono wake kidogo, kisha akasogea kwa mwingine. Wa Nubia aliushika muda mrefu, halafu akaagiza kiti.